Mashine ya kusaga na mkono wa msagaji

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wajumbe wa kamati za maendeleo za parokia pamoja na wafadhili waliotutembelea. Tunayachapa kwa ombi la wajumbe waliotaka kuyasoma katika vigango vyao.)



Katika mikutano kama hii tumezoea kuizungumzia mashine siku inapozinduliwa. Utepe unakatwa, kwaya inaimba, debe la kwanza la mahindi linasagwa bure, na picha inapigwa ili ipelekwe kwa waliotoa fedha. Leo tunaomba tuizungumzie mashine hiyohiyo miaka minne baadaye, saa kumi na moja jioni, foleni ikiwa ndefu, mkanda umelegea na msagaji hajala kitu tangu asubuhi. Tunataka kusema jinsi mtu anavyoumia pale, na zaidi sana, yanayompata baada ya kuumia. Hilo la pili ndilo lisilosemwa.

Tumechagua mashine za kusaga na kukoboa kwa sababu ndizo zilizo nyingi katika parokia zetu, na kwa kuwa nyingi zilinunuliwa kwa misaada. Wenye karakana za useremala wenye msumeno wa duara, wenye mashine za kupukuchua mahindi na wenye mashine za kukatia majani ya ng'ombe wasijihesabu kuwa nje ya mazungumzo haya. Karibu yote tutakayosema yanawahusu.

Jinsi mtu anavyoumia

Mota ya kawaida ya umeme huzunguka kiasi cha mara 1,450 kwa dakika. Ukigawanya, ni mara 24 kwa kila sekunde. Injini za zamani za Lister ambazo bado zinanguruma vijijini ni za polepole, mara 650 hivi kwa dakika, lakini zina magurudumu mazito yanayoendelea kuzunguka hata baada ya mafuta kukatwa. Kwa hiyo mtu anayedhani atawahi kuuvuta mkono wake hajui anashindana na nini. Mkono ukishashikwa kati ya mkanda na puli, huwa umekwisha kuingia kabla mwenyewe hajapiga kelele.

Mahali pa hatari zaidi ni pale mkanda unapoingia kwenye puli. Watu wengi hufikiri hatari iko ndani, kwenye nyundo zinazoponda mahindi, na kweli ziko hatari kule, lakini nyundo zimefunikwa na bati la mashine yenyewe. Mkanda uko wazi. Mkanda ukiteleza, msagaji huusukuma urudi mahali pake kwa kipande cha mti, au kwa kiganja, injini ikiwa inazunguka, kwa sababu kuizima na kuiwasha tena ni kazi na watu wanasubiri. Amefanya hivyo mara mia bila kuumia. Mara ya mia na moja ndiyo tunayoletewa habari zake.

Ipo ajali nyingine ambayo wenye mashine za umeme mnaifahamu. Umeme unakatika mashine ikiwa imejaa. Msagaji anaingiza mkono ili apunguze mahindi yaliyokwama, asije akaunguza mota umeme ukirudi. Umeme unarudi mkono ukiwa ndani, kwa kuwa hakuna aliyezima swichi kubwa. Dawa yake ni ndogo mno: umeme ukikatika, swichi kubwa izimwe kwanza, na anayeingiza mkono awe ndiye aliyeizima mwenyewe, si kuambiwa na mtu aliye nje. Aidha, iko swichi ya kuwashia ambayo haiiruhusu mota kuanza yenyewe umeme unaporudi mpaka mtu abonyeze kitufe. Fundi umeme yeyote anaijua.

Kwa injini za dizeli ipo hendeli. Injini ikirudi nyuma wakati wa kuwashwa, hendeli humvunja mtu mkono karibu na kiwiko cha kiganja. Vijana wafundishwe kuishika bila kukizungushia kidole gumba.

Na wako wateja. Banda la mashine mara nyingi ni dogo, na akina mama wanasimama humo humo na watoto mgongoni. Kitenge au khanga yenye ncha inayoning'inia ikigusa shafti hujiviringisha, nayo humvuta aliyeivaa. Nguo mpya na ngumu ni mbaya zaidi, maana haichaniki. Kizuizi cha mbao cha kufika kiunoni, kinachowatenganisha wateja na mashine, kingetosha kabisa. Tumeona mabanda yaliyopakwa rangi vizuri, yenye jina la mfadhili mlangoni, na kizuizi hicho hakimo.

Hatutasema mengi juu ya vumbi la unga na kelele. Si kwamba ni vitu vidogo, kwani pumu ya msagaji na uziwi wa msagaji ni ajali zinazokuja polepole. Ila leo tunabaki na mkono.

Saa ya kwanza

Jambo la kwanza ni kuizima mashine, wala si kumvuta mtu. Kila anayefanya kazi bandani, hata yule wa mizani, ajue namna ya kuzima. Tumewahi kuuliza swali hili katika mabanda kadhaa na tukakuta mtu mmoja tu ndiye anayejua, naye ndiye ambaye mkono wake uko karibu na mkanda.

Damu huzuiwa kwa kukandamiza. Chukueni kitambaa safi, kiwekeni juu ya kidonda, mkandamize kwa nguvu, mkono wa mgonjwa ukiwa umeinuliwa, na msifunue kila dakika kutazama. Damu ikiloanisha kitambaa, ongezeni kingine juu yake. Kama inaruka kwa nguvu na kukandamiza kumeshindikana, hapo ndipo mnafunga kitambaa kipana juu ya kidonda, umbali wa vidole vinne hivi, si juu ya kiungo, mnakaza kwa kukizungusha na kijiti, mnaandika saa mliyofunga, na hamlegezi mpaka mgonjwa awe mikononi mwa mganga. Kamba nyembamba ya katani au waya haifai, inakata nyama.

Pete zivuliwe mapema kabla mkono haujavimba. Mafuta ya taa, majivu, udongo, sukari na kahawa visitiwe kidondani. Tunajua wazee wetu walivitumia na wengine walipona, lakini kidonda cha mashine kina grisi na unga ndani yake, na daktari atalazimika kukichokonoa upya ili kuvitoa. Sindano ya kinga ya pepopunda iombwe hata kama kidonda kinaonekana kidogo.

Kidole kikikatika, msikitupe. Kifungeni katika kitambaa safi chenye unyevu, kiwekeni ndani ya mfuko usiovuja, kisha mfuko huo uwekwe ndani ya chombo chenye maji baridi na barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu wala kisielee majini. Tuseme ukweli: hospitali zenye uwezo wa kukirudisha kidole ni chache na ziko mbali, kwa hiyo msiipe familia matumaini ambayo hamwezi kuyatimiza. Hata hivyo uamuzi huo ni wa daktari, na wakati mwingine ngozi yake husaidia kufunika kidonda.

Miezi inayofuata

Katika wilaya moja ya nyanda za juu kusini tulimtembelea msagaji, kijana mwenye mke na watoto wawili, aliyepoteza vidole vinne vya mkono wa kulia. Alibakiwa na gumba. Mashine haikuwa yetu wala hatukuwa na mradi pale. Katekista wa kigango ndiye aliyetuomba tupite.

Alitusimulia kwamba wiki ya kwanza hakuna alichokosa. Jumuiya yake ndogo ilipanga zamu hospitalini, uji uliletwa, fedha zilichangwa Jumapili mbili mfululizo, na Baba Paroko alifika mara tatu. Wiki ya sita wageni walipungua. Mwezi wa tatu nafasi yake mashineni ilikuwa imeshapewa kijana mwingine, na hakuna aliyemwambia. Aliiona mwenyewe alipokwenda kusagisha. Mwezi wa tano mkewe alianza kuuza vitumbua, na vitumbua ndivyo vilivyokuwa vikilipa kodi ya chumba. Sisi tulifika mwezi wa kumi na tano.

Tuliomba kuliona daftari la mashine la siku ile. Katibu wa kamati, mzee mwadilifu mwenye mwandiko mzuri, alilileta bila kusita. Tarehe ya ajali palikuwa na mstari mmoja: "Mashine imesimama siku mbili, mkanda umebadilishwa." Bei ya mkanda iliandikwa pembeni. Jina la kijana halikuwemo, wala mkono wake.

Ndugu wajumbe, tunawaomba mlitafakari daftari hilo, kwa maana mambo mengi yaliyompata baadaye yalianzia hapo. Ajali isiyoandikwa haina tarehe. Isiyo na tarehe haina shahidi. Na sheria, kama tutakavyoona, inahesabu kuanzia tarehe.

Lipo na jambo jingine alilotueleza kwa aibu. Vidole ambavyo havipo vilikuwa vinamuuma. Usiku alisikia kama vimekunjwa kwa nguvu na hawezi kuvikunjua. Ndugu zake walisema hiyo si hali ya kawaida, kuna mtu. Tukazungumza naye kirefu. Maumivu ya kiungo kilichokatwa yanajulikana vizuri na madaktari. Huwapata wengi waliokatwa mkono au mguu, kwa sababu mishipa ya fahamu na ubongo bado vinakitambua kiungo hicho. Hupungua kwa watu wengi, na zipo dawa na mazoezi ya kusaidia. Kijana alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kwa nini hakuambiwa hivyo hospitalini. Hatukuwa na jibu la kumpa.

Maneno ya namna hiyo yana madhara kuliko tunavyodhani. Mnajua yasemwayo pale ajali inapotokea mashineni mara ya pili: kwamba mashine inataka damu, kwamba mwenye mashine jirani ameifanyia kitu, kwamba fedha zile zilikuja na masharti. Hatutaki kubishana na mtu aliye na uchungu. Lakini tumeona kwamba pale maneno hayo yanapoanza, hakuna tena anayeutazama mkanda. Kuku anachinjwa bandani, watu wanatulia, na puli inabaki wazi kama ilivyokuwa.

Upande wa viungo vya bandia, nchi yetu haiko nyuma. Chuo cha kufundisha mafundi wa viungo hivyo kilichopo KCMC, Moshi, kinachojulikana kama TATCOT, kilianza mwaka 1981 na kimesomesha mafundi wa nchi nyingi za Afrika. Dar es Salaam wapo CCBRT na Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Tatizo ni kwamba mgonjwa anatoka hospitali ya wilaya na kidonda kilichofungwa, na hakuna anayemwambia aende wapi. Kigutu kisipofungwa bendeji ipasavyo wakati kinapona hubaki kimevimba, na kiwiko kisiponyooshwa kila siku hukakamaa; akija kupimwa mwaka mmoja baadaye, fundi anaanza na matatizo mawili badala ya moja. Vilevile ieleweke kwamba mkono wa bandia unaofanana na mkono halisi hauwezi kushika jembe. Kwa mkulima, ndoano ya chuma inayofunguka kwa kuvutwa na bega ina manufaa zaidi, ijapokuwa haipendezi. Aulizwe mwenyewe anataka kufanya kazi gani kabla fedha hazijatumwa.

Na hapo tunafika kwenye kazi. Kamati nyingi zikitaka kumsaidia mtu wa namna hii humnunulia mbuzi au kumpa mtaji wa genge. Mbuzi tunamheshimu, lakini mtu huyu alikuwa na kazi aliyoijua. Anajua sauti ya mashine inayotaka kuharibika, anajua mahindi mabichi na makavu kwa kuyatafuna. Bandani kuna mizani, kuna daftari, kuna kupokea fedha. Kuandika kwa mkono wa kushoto hujifunzwa kwa miezi michache. Kwa maoni yetu, nafasi hiyo ingepaswa kuwa yake kabla haijatangazwa kwa mtu mwingine, na tungependa kamati iandike hivyo katika kanuni zake sasa, wakati hakuna aliyeumia na hakuna anayemfikiria mtu fulani.

Sheria inasemaje

Wajumbe wengi hutuambia, "Msagaji wetu si mwajiriwa. Tunampa sehemu ya mapato," au "Tunampa debe la unga kila wiki na kitu kidogo mwisho wa mwezi." Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 haitazami jina mnalompa. Inatazama mambo kama haya: je, anapangiwa saa na namna ya kufanya kazi? Je, amemfanyia kazi mtu huyo wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita? Je, vifaa anavyotumia ni vya anayemwajiri? Mojawapo likiwepo, mtu huyo huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Msagaji wa parokia anayefungua banda kila siku hutimiza saa 45 ndani ya wiki moja.

Akiwa mwajiriwa, anaingia katika Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Na. 20 ya mwaka 2008, ambayo ndiyo iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kwa Tanzania Bara. Mfuko ulianza kupokea michango Julai 2015. Waliofanya kazi zamani wanaikumbuka sheria iliyotangulia, ya tangu enzi za mkoloni, ambayo fidia yake ilifika kikomo cha shilingi 108,000 hata kama mtu amepoteza uwezo wote wa kufanya kazi. Ndiyo maana watu wengi bado wanasema fidia ni kupoteza muda. Hali imebadilika. Mfuko hugharamia matibabu, humlipa mfanyakazi anapokuwa hawezi kufanya kazi kwa muda, na akibaki na ulemavu wa kudumu hulipwa kwa mkupuo iwapo ulemavu haukuzidi asilimia 30, au pensheni ya kila mwezi ukizidi hapo. Zimo pia huduma za utengamao, malipo kwa anayemhudumia aliyeumia vibaya, gharama za mazishi na malipo kwa wategemezi.

Mchango hutolewa na mwajiri peke yake, haukatwi kwenye mshahara. Kwa sekta binafsi ulikuwa asilimia 1 ya mshahara. Ukapunguzwa hadi asilimia 0.6 mwaka 2021, na mwaka 2022 hadi asilimia 0.5. Tukichukua mfano wa mshahara wa shilingi 300,000, mchango ni shilingi 1,500 kwa mwezi, au 18,000 kwa mwaka. Hiyo haifiki bei ya lita kumi za dizeli. Tunalisema hili kwa msisitizo kwa kuwa sababu tunayopewa mara nyingi ni kwamba mapato ya mashine hayatoshi.

Ajali ikitokea, mfanyakazi amwarifu mwajiri mapema iwezekanavyo, na mwajiri apeleke taarifa Mfukoni ndani ya siku saba tangu kuijua. Haki ya kudai hupotea ikiwa miezi 12 imepita bila ajali kutolewa taarifa. Mkumbuke kwamba yule kijana tulimkuta mwezi wa kumi na tano. Hakuna mtu aliyemnyima kwa ubaya. Siku zilipita tu, na daftari lilikuwa linazungumza juu ya mkanda.

Kuna mambo mawili wajumbe wasiyasahau. La kwanza, malipo hukokotolewa kutokana na mshahara. Mkiandika mshahara mdogo kuliko mnaolipa, au msipoandika lile debe la unga, mnampunguzia mtu wenu fidia ya maisha. La pili, Mfuko ni wa wafanyakazi. Mama aliyekuja kusagisha akavutwa kitenge hayumo. Mjumbe anayejitolea kushika mashine Jumamosi ili msagaji apumzike hana mshahara ulioandikwa wa kukokotolea chochote. Kwao hao hakuna kinga nyingine isipokuwa kizuizi cha mbao na kifuniko cha mkanda, na mzigo wa ajali yao utaiangukia kamati. Na msiwape watoto kazi bandani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa katika kiwanda au kazi za hatari, na msemo wa "anamsaidia kaka yake" hauondoi hatari iliyopo.

Kuhusu ukaguzi, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inataka mahali pa kazi pasajiliwe na mashine za hatari zifunikwe. Wapo wanaoogopa kwamba wakiwaita wakaguzi watafungiwa. Hofu hiyo tunaielewa. Tunachoweza kusema ni kwamba mashine iliyofunikwa, yenye msagaji aliyesajiliwa na daftari la ajali, haina sababu kubwa ya kumwogopa mkaguzi, na kwamba atakuja tu siku mtu atakapokufa.

Kwa wafadhili wetu

Tunawashukuru, na tunaomba tuseme nanyi bila kuzunguka. Bajeti za mashine tunazoziona zina mashine, injini, banda, usafiri na uzinduzi. Kifuniko cha mkanda hakimo. Mafunzo ya msagaji ni siku moja, nayo ni ya kubadilisha chekeche na mafuta. Fomu zenu za taarifa huuliza kilo ngapi zimesagwa na wanawake wangapi wamepunguziwa mwendo. Ni maswali mazuri. Hakuna linalouliza kama yupo aliyeumia.

Mkataba Na. 119 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1963, unahusu vifuniko vya mashine. Haukuishia kwa mwenye kiwanda. Unazungumzia pia anayeuza, anayekodisha, na anayemkabidhi mwingine mashine kwa njia nyingine yoyote ikiwa sehemu zake za hatari ziko wazi. Msaada ni njia mojawapo ya kukabidhi. Kifuniko chenyewe ni wavu wa chuma, vipande vya chuma cha pembe, bolti nne na nusu siku ya fundi wa kuchomelea. Kiwe na bawaba au bolti zinazofunguka kwa urahisi, kwa sababu kifuniko kinachomsumbua msagaji kila anapokaza mkanda kitaishia nyuma ya banda, na tumevikuta huko vikifugiwa kuku.

Ombi letu ni kwamba fedha ya awamu ya mwisho isitumwe mpaka picha ya kifuniko kikiwa mahali pake iwe imefika, pamoja na nakala ya usajili wa msagaji. Baadhi ya wajumbe hapa watakunja uso wakisikia hivyo, kwa kuwa sharti jingine tena limeongezwa. Tunalitaka sharti hili. Ni mojawapo ya masharti machache ambayo faida yake inabaki kwa mtu aliye bandani.

Yatakayofanyika robo hii

Fundi wa kuchomelea na fundi umeme watapita katika parokia zilizo na mashine, kuanzia za mbali. Nyavu na chuma cha pembe vitalipiwa na idara; kamati itatoa chakula cha mafundi na mbao za kizuizi. Kila katibu apime kabla hawajafika urefu kutoka puli ya injini hadi puli ya mashine, na upana wa mkanda, na atuandikie. Kila kamati ifungue daftari la ajali, tofauti na la mapato, likae bandani na si ofisini kwa paroko, na liandikwe jina, tarehe, saa, mashine ilikuwa inafanya nini, nani alikuwepo na mgonjwa alipelekwa wapi, hata kama ni mchubuko. Walio na mtu aliyeumia ndani ya miezi 12 iliyopita wamwone afisa wetu leo kabla ya chakula, wakiwa na tarehe ya ajali na karatasi yoyote ya hospitali waliyo nayo. Wenye mashine za umeme waseme mapema ukubwa wa mota ili fundi aje na swichi inayofaa.